Daftari, simu, kikaratasi au mtu: kikumbusho kipi kinamfaa mtu mzima mwenye ADHD

Kwenye banda langu la ushonaji hapa Kirumba, Mwanza, kila kitambaa kinachoingia hubandikwa kikaratasi kwa pini: jina la mteja, vipimo, mshono anaoutaka, siku ya kuchukua. Mafundi wengi hufanya hivyo, hata wenye kumbukumbu kali. Kwangu mimi kikaratasi kile kimebeba zaidi ya desturi ya kazi. Miaka mitatu iliyopita daktari aliniambia nina upungufu wa umakini, ule unaofupishwa ADHD, na tangu siku hiyo nimejaribu karibu kila njia ya kujikumbusha. Zipo nilizoziacha ndani ya wiki, zipo zilizobaki. Nataka kuziweka hapa ubavu kwa ubavu, ili wewe uliyeacha ufunguo mlangoni kwa mara ya nne wiki hii ujue pa kuanzia.

Kabla ya kuchagua, angalia unasahau vipi. Sisi husema "nimesahau" kwa mambo matatu yasiyofanana.

La kwanza ni kutojua kitu umekiweka wapi. Hapo kumbukumbu haikupotea, haikuwahi kuingia. Mkono uliweka mkasi juu ya kabati wakati akili ilishamfuata mteja aliyepiga hodi. La pili ni jambo unalolijua vizuri lakini halikujii saa yake: kulipa ada, kununua umeme, kumpigia mama. Ukishalala ndipo linakujia lote, na saa yake imepita. La tatu ni kudondosha jambo katikati: umeingia jikoni, umesimama, hujui ulifuata nini.

Hilo la tatu linatokana na ile sehemu ya akili inayoshika mambo machache kwa muda mfupi wakati unayatumia. Hata kwa mtu asiye na tatizo lolote haishiki mengi. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba ni kama mambo 7, yakizidi au kupungua mawili; Nelson Cowan mwaka 2001 akaishusha hadi kama 4. Kwa wengi wetu wenye ADHD kiganja hicho cha akili ni kidogo zaidi, na vidole vyake havikazi. Chukua namba za luku, zile za kuingiza kwenye mita ukinunua umeme. Ni tarakimu 20. Mimi nikizisoma nne nne kwenye meseji, nikigeuka kwenye mita nimebaki na mbili. Sasa naziandika kwa kalamu mgongoni mwa mkono, nasimama mbele ya mita na mkono wangu ndio karatasi.

Russell Barkley, mtafiti wa Marekani aliyeisoma ADHD kwa miongo mingi, anasisitiza kwamba shida yetu kubwa si kutojua la kufanya bali kulifanya tunalolijua, na kwamba msaada unapaswa kukaa pale pale tendo linapofanyika. Niliposikia hivyo nilikiona kikaratasi cha fundi. Hakikai kwenye droo. Kimechomwa kwenye kitambaa chenyewe, huwezi kukata bila kukishika. Basi kila njia ninayoitaja hapa chini nimeipima kwa swali moja: inanijia yenyewe, au inataka mimi niikumbuke kwanza?

Daftari na simu

Hizi mbili ndizo watu hushauriwa kila siku, na ndizo zilizonisumbua zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Daftari lina sifa moja ambayo simu haina: likifunguliwa halikupeleki kwingine. Unaandika, unafunga, umemaliza. Simu ukiishika uandike "kununua zipu nyeusi" unakuta meseji za kikundi cha shule, unakuta picha za harusi ya binamu, na baada ya robo saa unaiweka chini bila kuandika zipu. Kwa mtu ambaye umakini wake huvutwa na chochote kinachong'aa, hilo si jambo dogo. Kuandika kwa mkono pia hunilazimisha nipunguze mwendo, na ninachokiandika taratibu hunibaki.

Ila daftari ni bubu. Halitakuita saa kumi likuambie mtoto ametoka shule. Linakaa kimya limejaa mambo ya maana, nawe umekaa kando yake unafanya jingine. Mwaka wa kwanza nilikuwa na madaftari manne: la dukani, la nyumbani, la mkobani, na moja zuri lenye jalada gumu nililoliogopa kuliandika. Jambo likiandikwa kwenye mojawapo lilikuwa kama halikuandikwa, maana sikujua liko lipi. Leo la kujikumbusha ninalo moja tu, kaunta buku nyembamba, na limefungwa kwa uzi wa pamba kwenye mguu wa meza ya cherehani. Kalamu nayo imefungwa. Nalisoma mara mbili kwa siku, na sikuzipangia saa, nimezifunga kwenye vitendo ambavyo lazima vitokee: kabla sijavua kifuniko cha cherehani asubuhi, na wakati mama wa chai anapoweka kikombe mezani.

Daftari hilo lilizaliwa na gauni la kipaimara. Mama mmoja alikuwa tayari mlangoni anaondoka, akageuka akaniambia, "Fundi, niongezee inchi mbili pindoni, huyu mtoto anarefuka." Nikamjibu, "Sawa mama." Tepu ilikuwa shingoni, pini tatu mdomoni, mikono imeshika kitambaa cha mtu mwingine. Siku ya kuchukua, gauni lilimfika binti juu ya magoti, na mama yake aliponiuliza sikukumbuka hata kwamba niliambiwa. Sikumbishia. Nilishona jingine usiku ule kwa kitambaa nilichonunua mwenyewe. Tangu hapo mteja akisema neno lolote la kubadilisha, hata awe na haraka vipi, namwambia, "Mama, nisubiri niandike ukiona." Hakuna aliyewahi kukasirika. Wengi hufurahi.

Simu inashinda kwa yale mambo ya aina ya pili, yenye saa yake. Inaita. Lakini namna ya kuweka alamu ina mambo yake. Alamu iliyoandikwa "Kumbuka!" haina faida, iliwahi kuniita saa nne nikabaki kuitazama. Andika tendo, na uandike kama mtu anakutuma: "Mpe mtoto dawa ya saa mbili, iko juu ya friji." Pili, iite mahali unapoweza kutenda. Umeme naweza kuununua nikiwa ndani ya daladala, ila mita iko nyumbani, kwa hiyo alamu ya luku kwangu huita saa moja jioni nikiwa mlangoni. Tatu, mlio ukiwa uleule kila siku sikio hulizoea kama kelele za bodaboda. Mimi hubadilisha mlio kila mwisho wa mwezi. Na usiizime mpaka umesimama. Ukiizima umekaa ukasema "namalizia hii kidogo", jambo limekwisha.

Kuna na hili la saa zetu, ambalo ushauri ulioandikwa kwa watu wa nje haulitaji. Sisi twasema saa mbili usiku, simu inataka 20:00. Nikiwa na haraka nimewahi kubonyeza 02:00, alamu ikaamsha nyumba nzima saa nane za usiku, na miadi ya saa mbili ikapita kimya. Ukimaliza kuweka, soma kwa sauti kile kilichoandikwa kwenye kioo.

Sasa kama ni simu, simu ipi? Simu janja inaweza kukumbuka mambo mia, kurudia kila Jumanne, hata kukuita ukifika mahali fulani. Unaweza pia kujitumia ujumbe wa sauti wewe mwenyewe kwenye WhatsApp, jambo linalofaa sana ukiwa juu ya bodaboda au mikono ina unga. Lakini ujumbe wa sauti nao ni bubu mpaka uusikilize, na mimi nilikuwa na ishirini na kitu nisizozigusa. Kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, hakina hayo. Kina alamu chache tu na chaji yake hukaa siku kadhaa, hata umeme ukikatika Kirumba nzima. Na vingine huita hata ukiwa umekizima. Zaidi ya yote, nikikishika hakuna kinachonivuta. Nilinunua kitochi kwa ajili ya alamu peke yake, kimening'inia kwenye msumari juu ya cherehani. Ningeshauri mtu mwenye tatizo la kuzama kwenye simu aanze na hicho kabla ya kupakua programu yoyote ya kupanga siku. Programu hizo nimejaribu tatu. Wiki ya kwanza raha, wiki ya tatu nimesahau kwamba ninazo.

Kikaratasi kwenye kitu, au orodha ukutani

Hapa sina mashaka: kikaratasi kwenye kitu. Orodha ya ukutani ni nzuri siku tano za kwanza, kisha inakuwa sehemu ya ukuta. Macho yanaipita kama yanavyopita kalenda ya mwaka juzi. Kikaratasi kinachokaa kwenye njia ya mkono hakipitiki. Bili ya maji naifunga kwa mpira kwenye pochi, siwezi kutoa nauli bila kuigusa. Sare ya mtoto inayotakiwa kuwekwa kifungo naitundika kwenye komeo la mlango, nikitaka kutoka lazima niiondoe. Nguo za mteja wa Sengerema naziweka juu ya viatu vyangu. Ukikitoa kikaratasi kazi ikiisha, kinabaki na nguvu. Ukiviacha vikajaa kila mahali, navyo vinageuka ukuta.

Mahali pamoja, au nakala nyingi

Kwa kusahau kwa aina ya kwanza, ushauri wa kawaida ni kila kitu kiwe na mahali pake. Ni ushauri wa kweli lakini una mipaka. Kwangu unafanya kazi kwa vitu vitatu tu: ufunguo, pochi na kitambulisho. Vinakaa kwenye bakuli la bluu, la plastiki, lisilo na kifuniko, juu ya kiti kilicho hatua moja kutoka mlangoni. Nilipoliweka kabatini, hatua nne zaidi, halikutumika. Hatua nne zinatosha mtu kuitwa na jambo jingine. Na kifuniko ni kazi ya ziada, mkono hauifanyi.

Kwa vitu vya bei ndogo nakala ni bora kuliko nidhamu. Nina tepu nne, mikasi midogo mitatu, chaki kila kona. Zamani nilikuwa napoteza karibu saa nzima ya siku kutafuta tepu moja iliyokuwa shingoni au chini ya vipande vya kitambaa. Bei ya tepu ya pili haifiki sahani ya wali samaki. Ukifanya hesabu ya muda na hasira, nakala ni rahisi. Ila usijaribu nakala kwa dawa. Chupa mbili za dawa moja, mtu asahau kama ameshameza, ni hatari. Dawa iwe moja, na ukishameza geuza chupa kichwa chini mpaka kesho.

Mtu wa kukukumbusha, au mtu wa kukaa naye

Mume wangu ni mfanyabiashara wa dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa kumbukumbu yangu. "Umelipa?" "Umechukua?" "Umempigia?" Kila asubuhi. Njia hii inafanya kazi kuliko zote kwa wiki mbili, kwa sababu mtu huwezi kumzima kama alamu. Gharama yake inakuja baadaye. Yeye alichoka kuwa mzazi wa mkewe, mimi nikaanza kumsikia kama mtu anayenisema hata alipokuwa ananiuliza tu kama nimekula. Siku moja aliniambia kwa upole, "Mama watoto, mimi nataka kurudi kuwa mume." Neno lile lilinikaa moyoni.

Tulikubaliana hivi: ananikumbusha mambo mawili tu ambayo nimemwomba mwenyewe, anasema mara moja, na hasemi tena. Mengine ni ya daftari na kitochi. Nyumba imetulia. Kama una mwenza, usimkabidhi kichwa chako chote bila kumwuliza.

Mtu wa kukaa naye ni jambo jingine kabisa, na naliona halithaminiwi. Simwombi anikumbushe chochote, namwomba awepo. Nikikata vitambaa nikiwa peke yangu naanza sita na kumaliza kimoja. Fundi jirani akileta cherehani yake kivulini tukashona pamoja, namaliza vinne. Mwanafunzi wangu naye nimemzoesha jambo dogo: nikimtuma kitu ananirudishia maneno. "Anti, umesema zipu mbili nyeusi na uzi mmoja wa maziwa." Mara nyingi akirudia ndipo nagundua nilitaka nyeupe.

"Nitakumbuka" na "nikifika hapa, nitafanya hili"

"Nitakumbuka" ni ahadi kwa kichwa ambacho hakina mahali pa kuiweka. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha, katika makala yake ya mwaka 1999, kwamba mtu akiunganisha tendo na tukio maalumu, kwa mtindo wa "likitokea hili, nitafanya lile", hulitekeleza zaidi kuliko akiwa na nia tu. Sisi watu wa ziwani tunayo matukio makubwa ya kuunganisha nayo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea mwanga wa taa hauwavuti vizuri, na shughuli za Mwaloni hupungua. Sisi nyumbani mambo ya mwezi tumeyafunga hapo. Mbalamwezi ikijaa, mume wangu yuko nyumbani, tunakaa pamoja kuyapanga: kodi ya banda, ada, mchango wa kikoba. Hakuna alamu inayozidi mwezi kuangaza uani.

Lakini tukio ulilolitegemea linaweza kuondoka. Nilikuwa nikipeleka sare za kwaya Sengerema, ng'ambo ya ziwa, na wakati wa kurudi foleni ya kivuko pale Busisi ilikuwa ndiyo ukaguzi wangu. Nikisubiri, nafungua mkoba: pochi, tepu, daftari la vipimo, chenji. Mara mbili nilimtuma bodaboda arudi kuchukua nilichoacha. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kama kilometa 3, lilizinduliwa, na basi sasa linapita moja kwa moja. Nimefurahi kama kila mtu wa kanda hii, maana foleni ile imewahi kutulaza njiani. Ila safari ya kwanza ya darajani niliacha daftari la vipimo Sengerema na nikagundua nimeshafika Nyegezi. Sasa ukaguzi nimeuhamishia kwenye ngazi ya basi: kabla ya kupanda nagusa vitu vinne kwa mkono, nikivitaja kwa sauti ndogo. Kugusa ni bora kuliko kuangalia. Macho yangu huona nilichokizoea hata kama hakipo.

Dawa na mbinu

Nimeulizwa mara nyingi kama dawa haitoshi. Dawa inayojulikana zaidi kwa ADHD ni methylphenidate. Huwasaidia wengi kushika umakini, na umakini ukishikika vitu vingi huingia kichwani tangu mwanzo. Haikuandikii daftari wala haikuwekei bakuli mlangoni, kwa hiyo hata anayeitumia bado atahitaji njia mojawapo ya hizi. Imo kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa za aina hiyo: hutolewa kwa cheti cha daktari, si ya kuombwa kwa jirani. Inaweza kupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Shinikizo langu lilikuwa juu, kwa hiyo mimi na daktari tulianza na hilo, na kwa sasa naishi na uzi, msumari na kitochi.

Kabla ya yote hayo, uhakikishe ni ADHD kweli. Kukosa usingizi, sonona, upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na pombe vyote huleta usahaulifu. Kama ulikuwa mtu wa kukumbuka vizuri na mwaka huu ndipo umeanza kusahau, tafuta sababu nyingine kwanza, na usichelewe. ADHD haianzi ukubwani. Mwongozo wa Marekani unaotumiwa na madaktari wengi, toleo la mwaka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, zionekane katika sehemu zaidi ya moja ya maisha, kama nyumbani na kazini, na kwa mtu mzima zifike angalau 5 za kutokuwa makini au 5 za utukutu. Hapa Mwanza anzia hospitali yoyote unayotibiwa, uombe kuelekezwa kwa daktari wa afya ya akili. Bugando, ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda, wana idara hiyo.

Usiende mikono mitupu. Ukifika mbele ya daktari utasahau ulichokuja kusema, mimi nilisahau. Andika wiki mbili kabla: siku gani, umesahau nini, kimekugharimu nini. Na kama yupo mtu aliyekulea na anaweza kusafiri, nenda naye. Mama yangu alipanda meli kutoka Nansio, akakaa kwenye kiti kando yangu na kanga yake mpya, akamweleza daktari jinsi nilivyokuwa nikitumwa chumvi dukani nikiwa na miaka minane, nikifika katikati ya njia narudi kumwuliza nimetumwa nini, na yeye alivyoanza kunifungia fundo kwenye pindo la gauni: fundo moja chumvi, mawili mafuta ya taa. Nilikuwa nimelisahau fundo lile.